Mzimu Mwenye Futi Shingoni

Leo nimeaibika mbele ya mama mkwe. (Mkwe mtarajiwa. Kwa saa moja leo nilidhani hata huo utarajiwa umekwisha.)

Mnajua kikundi chetu cha maigizo hapa Nyakabanda kimeandaa kile kisa cha zamani: kaka anakufa, mdogo wake anapora shamba, marehemu anarudi kulidai. Mzimu ni mimi. Asubuhi fundi cherehani, mchana marehemu.

Tulianza saa nane, maana siku hizi za vita hakuna anayetaka giza limkute njiani. Madirisha ya ukumbi tukayaziba kwa mablanketi. Mshumaa mmoja jukwaani. Sauti ya bundi ikatoka kwenye kaseti. Mimi nilifika mbio kutoka kibandani kwangu, nikajipaka unga wa muhogo usoni, nikajitupia shuka jeupe. Mkurugenzi wetu, Mwalimu Faustini, akanishika bega: "Unaingilia mlango ya nyuma, unapita katikati ya watu polepole. Mzimu haikohoi, haicheki, haisemi na mtu!" Nikamwambia asijali.

Wasiwasi wangu ulikuwa mwingine. Mchumba wangu, Consolata, alikuwa amemleta mama yake kutoka Gatsata. Mama hajawahi kuniona. Anajua tu kwamba ni fundi, mtu mtulivu, na wiki ijayo wazee wangu wanakwenda kuposa. Akikataa yeye, wamekataa wote. "Usiogope," Consolata aliniambia, "na ile unga hatakujua. Utamusalimia kesho, umeshaoga."

Nikaingia. Jamani, watu walipiga kelele! Mwanamume mzima mstari wa nyuma alipanda juu ya benchi. (Simtaji. Anauza nyama.) Nikasogea taratibu, ukumbi ukanyamaza kabisa. Jukwaani, mdogo wangu wa kuigiza alitetemeka vizuri sana. Moyoni nilijivuna.

Nikafika mstari wa kwanza. Mama yake Consolata hakupiga kelele. Alinitazama, akaninyooshea mkono.

"Muraho," akanisalimu.

Mnafahamu tulivyolelewa. Mkono wa mama mtu mzima hauachwi hewani, hata uwe marehemu. Kabla sijafikiri nimeshainama, mkono wa kushoto umeshika kiwiko cha kulia, meno yote nje: "Muraho neza, Mama!"

Ukumbi mzima ulisikia. Sauti ikatoka nyuma: "Eh! Mzimu iko na adabu!" (Muuza nyama.)

Kicheko! Mdogo wangu, aliyepaswa kuzimia kwa hofu, alianguka kwa kucheka. Mwalimu Faustini akatoa kichwa nyuma ya pazia, akakirudisha. Nikajikaza, nikanguruma: "Nirudishie shamba langu!" Ukumbi ukaitikia: "Sema tafadhali!"

Igizo lilipokwisha, mablanketi yakashushwa. Consolata alikuwa amejifunika uso kwa kitenge. Nikamuuliza mama yake, kichwa chini, alinijuaje.

"Hiyo futi iko kwa shingo yako," akasema. "Mzimu gani inapima nguo?"

Nikapapasa. Futi yangu ya kupimia nguo ilikuwa inaning'inia juu ya shuka, hadi kiunoni. Nilitamani kufa kweli.

Akamgeukia binti yake. "Mwanaume anasalimia mama ya watu hata kama amekufa, mimi nitakataa nini? Wazee wake wakuje."

Basi mke nimepata, uzimu nimefukuzwa. Nafasi yangu amepewa muuza nyama. Na wewe unayecheka hapo, kumbuka suruali yako bado iko kwangu, na mkasi ninao.