Vitanda Vyenu Vinatuvunjia Timu

Saba wa Poppie (Timu ya Mpira wa Pete),
Nguzo ya Nne, Chini ya Barabara ya Juu,
Foreshore, Cape Town.

27 Septemba

Mkurugenzi,
Nyumba ya Malva,
Woodstock.

YAH: KUCHUKULIWA WACHEZAJI WETU MMOJA MMOJA NA KUPEWA MAHALI PA KULALA

Mheshimiwa Bwana Adonis,

Natumaini barua hii inakukuta u mzima, na kwamba hilo jina la ukoo, la yule kijana mzuri wa hadithi za Wagiriki, bado unalibeba kwa unyenyekevu. Sisi huku hatujambo, isipokuwa tumebaki watatu.

Mimi ni Clivia Arendse, kapteni, kocha na mfuaji wa vizibao wa timu iliyotajwa hapo juu. Nina miaka hamsini na mitatu, na minane ya mwisho nimeishi kwenye nguzo iliyotajwa hapo juu vilevile. Sura yangu unaikumbuka. Ndimi niliyefika ofisini kwako mwezi wa sita nikiwa nimevaa kofia ya harusi, mlinzi wenu akanitangaza hivi: "Bosi, kuna bibi hapa, au bwana, sijui, ila amekasirika." La kwanza na la mwisho alipatia.

Siku ile nililalamika kwa mdomo, ukanipa chai. Leo nalalamika kwa maandishi ili usipate nafasi ya kunipa chai.

Kwanza ujue mnachokibomoa. Mwaka juzi mwezi wa saba, baridi ilimuua Poppie Daniels. Alizikwa Maitland kwa gharama ya umma, na juu ya msalaba wakaandika Peter, jina ambalo marehemu hakuwahi kuliitikia hata alipokuwa akiitwa kula. Tukalifuta kwa mate na kuandika Poppie kwa rangi ya kucha, nyekundu, mikono miwili ili isichakae na mvua. Wakati wa kuondoka nikahesabu watu ili asiachwe mtu. Tulikuwa saba. Chantel-Joy akasema, "Saba ni timu ya mpira wa pete." Mchungaji naye alikuwa amesema mengi, lakini hilo ndilo neno pekee la siku ile lililobaki na faida.

Tangu hapo, kila Jumamosi tunacheza nyuma ya ukumbi wa zamani wa kanisa. Watazamaji walianza watatu, mmoja wao akiwa amelala. Kufikia Krismasi walikuwa arobaini. Mchezaji mwenzetu Ottilie anawanyoa watu wakati wa mapumziko, sufuria ya supu inapatikana tusipouliza sana imetoka wapi, na mimi naita majina. Wengi wanaokuja ni mashoga na wasagaji waliotupiwa nguo zao nje na wazazi, na wenzangu ambao kwenye makao mengine upande wa wanaume unatupiga na upande wa wanawake unatukataa. Wengine mpira hawaujui wala hawaupendi. Wanakuja kwa sababu Jumamosi kuna mtu atakayewauliza, "Wiki iliyopita ulikuwa wapi wewe?" Asiyeitika jina lake tunakwenda kumtafuta, mchezo unasubiri. Poppie hakutafutwa. Hiyo tu ndiyo sababu ya kuwa na rejesta.

Sasa malalamiko.

1. Mnamo mwezi wa nne, gari lenu jeupe lilikuja Jumanne asubuhi na kumchukua Chantel-Joy, mlinzi wetu wa goli. Huyu ni mtu mwenye urefu wa mita moja na tisini bila viatu, na viatu vyake unavijua. Alikuwa akililinda goli kama anavyolinda mfuko wake wa nguo, yaani kwa meno. Nyie mkampa kitanda, kabati lenye ufunguo na saa nane za usingizi kwa usiku mmoja. Baada ya wiki mbili alirudi mazoezini amenenepa mashavu, akamgonga mpinzani kwa kiwiko, kisha akasema, "Samahani mpenzi, nimekuumiza?" Bwana Adonis, nimekuwa kwenye michezo tangu enzi za kaptura ndefu. Mtu akishalala vizuri, hasira zote zinamtoka, na bila hasira mlinzi wa goli ni mti tu wa kupamba uwanja.

2. Faldiela Salie, mfungaji wetu. Huyu hamkumpa hata kitanda. Mlifanya jambo baya zaidi. Dada Rozanne, mfanyakazi wenu wa ustawi wa jamii, alimpigia simu mama yake kule Mitchells Plain bila kunishirikisha mimi kapteni. Akampigia mara tisa. Miaka minne mama huyo alikuwa akiwaambia majirani kwamba mwanawe wa kiume anafanya kazi melini. Basi Jumamosi moja ya mwezi wa tano, tukiwa nyuma kwa goli moja, Bi. Mariam Salie akatokea pembeni mwa uwanja na kanga ya kichwani na bakuli la maandazi ya koesista, akasimama. Mpira ulikuwa mikononi mwa Faldiela, hatua mbili kutoka kwenye pete. Goli la kufunga hata mimi, hata wewe.

Mama yake akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Faldiela. Umekonda. Njoo ule."

Jina lile hakuwahi kulitamka. Faldiela akakosa. Sijawahi kuona mpira ukipita mbali na pete kiasi kile, ulikwenda kumpiga mtu aliyekuwa akisubiri kunyolewa. Tukapoteza mchezo, na mfungaji akaondoka ndani ya gari la mama yake akiwa bado na kizibao chetu. Kizibao hicho kipo Mitchells Plain hadi leo. Na kimepigwa pasi.

3. Mapacha (ambao si mapacha, ni wapenzi, lakini wamefanana kwa ukorofi) mliwachukua wote wawili kwa mpigo mwezi wa sita na kuwapa chumba kimoja chenye mlango. Niliwafuata kuwasihi. Nilibisha hodi dakika kumi. Mwishowe mmoja akaitika kutoka ndani, "Mama Clivia, sisi hatujawahi kuwa na mlango. Tuache kwanza tuufunge-funge." Nikaondoka. Nilikuwa na hoja nyingi sana, lakini zote zilihitaji mlango uwe wazi.

4. Hili ndilo lililonifanya nikaazima kalamu. Tarehe 24, Siku ya Urithi, tuliandaa bonanza letu la kila mwaka. Tangazo niliandika mwenyewe: timu yoyote, kutoka daraja lolote, hata la mto. Nyumba ya Malva ikaleta timu. Mkaja na fulana za rangi moja, Bwana Adonis, fulana mpya, na ndani ya fulana hizo walikuwemo Chantel-Joy na Mapacha. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, lakini hawakusema mkono ukipata kijiko urudi kumpiga nacho mama.

Kwa upande wangu nilikuwa na watatu: mimi, Ottilie na Bongeka Mqhayi. Bongeka ndiye kiungo wetu wa kati, ana miaka ishirini na mbili, alitolewa kwao Gugulethu na kaka zake kwa namna ambayo sitaiandika kwenye barua ya michezo. Kanuni zinataka watu wasiopungua watano. Faldiela akashuka garini akiwa amevaa kizibao chenye mistari ya pasi, wakawa wanne. Mwamuzi akaangalia saa. Nikawaangalia watazamaji arobaini, wote wakaangalia viatu vyao, wenye viatu. Ndipo Bi. Mariam akamkabidhi mtu pochi yake, akakaza kitambaa kichwani, akaingia na kandambili. Aliniambia alicheza ulinzi akiwa darasa la sita na hajasahau kitu isipokuwa kukimbia.

Tulifungwa thelathini na nne kwa kumi na moja. Naandika kwa maneno ili namba isichezewe. Kila Chantel-Joy alipotunyang'anya mpira aliniomba radhi, mara ishirini na sita, na kila radhi iliniuma kuliko goli lenyewe. Bi. Mariam alimkanyaga Pacha mmoja kwa makusudi akasema Mwenyezi Mungu amsamehe, kisha akamkanyaga tena.

Kipindi cha tatu Bongeka alikaa chini katikati ya uwanja, akakohoa. Kikohozi hiki anacho tangu mvua za mwezi wa saba, na nilikuwa nimeamriwa na mwenyewe nikiite mafua. Nikamwambia atoke apumzike. Akanitazama, akafuta mdomo kwa kizibao.

"Nikitoka tunabaki wanne, Mama," akasema. "Wanne si timu."

Akainuka akacheza mpaka mwisho. Alifunga jicho moja kila alipovuta pumzi. Magoli saba kati ya yale kumi na moja pasi ilitoka kwake. Mngekuwa na haya, mngetufunga ishirini tu.

5. Baada ya mchezo mlitupakulia chakula. Bredie, ule mchuzi mzito wa nyanya na nyama ya kondoo, sufuria tatu, na hamkumuuliza mtu jina wala kitambulisho. Hii ni dharau. Mtu akishakufunga thelathini na nne, adabu inataka akuache na njaa yako ili upate cha kumchukia. Nililazimika kula mara mbili ili kuficha hisia zangu.

6. Rejesta. Kwa desturi, kabla ya kutawanyika, niliita majina saba ya awali. Nayaita yote kila wiki, hata ya waliohama, ni utaratibu tu. Safari hii Chantel-Joy aliitika kutoka kwenye benchi lenu. Mapacha wakaitika huku wanatafuna. Faldiela akaitika, na mama yake akaitika pia ingawa hakuitwa. Yaani niliita saba nikaitikiwa saba, jambo ambalo halijatokea tangu mwezi wa nne, na karibu nusu ya sauti zikitoka kwa wapinzani. Kitabu changu hakina safu ya kuandika jambo la namna hii. Nilikaa nacho mapajani muda mrefu. Ottilie akaniuliza kama nalia, nikamwambia ni vitunguu. Akasema bredie ilishaliwa zamani. Nikamwambia asinifundishe mboga.

Kwa kuzingatia hayo, naomba kwa heshima yafuatayo yatekelezwe:

(a) Nyumba ya Malva isimpe kitanda mchezaji yeyote wa Saba wa Poppie kabla msimu haujaisha. Msimu wetu hauishi.

(b) Ikiwa hamwezi kujizuia, mwanze na wachezaji wabovu. Nimeambatisha orodha. Mimi simo.

(c) Magodoro yaliyopo yafanywe magumu kidogo, ili walinzi wabaki na uchungu.

(d) Dada Rozanne anyang'anywe simu. Wazazi waliofukuza watoto wao wakitaka kutubu, watubu kati ya Jumapili na Ijumaa. Jumamosi tuna mchezo.

(e) Ikishindikana yote, basi mjini hapa pasipatikane nyumba yoyote ya watu wetu, kila mtu arudi chini ya daraja, nasi tuwe na ligi kamili yenye timu kumi na mbili na wachezaji wa akiba. Nimelifikiria hili kwa kina. Kimichezo halina dosari.

Nisipopata jibu ndani ya siku kumi na nne nitapeleka suala hili kwa wakubwa wako, na nikiwakosa, nitakuja tena na ile kofia.

Wasalimie wote hapo: mlinzi wa getini, mwambie asikosee tena, mpishi, mwambie chumvi ilitosha, Dada Rozanne, mwambie nimemkasirikia na anitumie dawa ya mba, Chantel-Joy, akumbuke viwiko. Bi. Mariam mkimpata kwenye simu mwambieni mazoezi ni saa nne asubuhi na kandambili haziruhusiwi.

Wako katika ujenzi wa timu inayobomolewa,

Clivia Arendse
Kapteni

N.B. Kwenye orodha yenu ya wanaosubiri kitanda, jina la kwanza ni Clive Arendse. Aliandikishwa tangu mwezi wa tatu. Dada Rozanne amemwambia mtu huyo kwamba chumba cha chini chenye dirisha la jikoni, lile linaloingiza joto, kitakuwa wazi Jumatano. Namfahamu Clive huyo kwa karibu, na ameniagiza niwaambie mlifute jina lake, mahali pake muandike Bongeka Mqhayi, na mumpeleke kliniki kwanza kabla hamjamwonyesha kitanda. Gari lije Jumanne asubuhi kama kawaida yenu, nitakuwa nimemfungia mfuko wake. Msimwambie nimeandika mimi. Atakataa. Akiuliza, semeni orodha imemfikia. Na akikataa hata hivyo, mwambieni ni amri ya kapteni, kapteni atapata kiungo mwingine.