Meno Marefu Yaliyonizamisha Mbele ya Kwaya

Nimeaibika leo, na mashahidi wako kwenye mabara mawili. Nawaandikia mapema, ndugu zangu wa bodaboda, steji ya Lodwar, kabla kwaya haijawafikishia habari kwa njia yake. Kwaya ikisimulia itaongeza chumvi, na kisa hiki hakihitaji chumvi. Kina mchanga wa kutosha.

Mnakumbuka mchana mlivyonicheka. Nilitoka kwa fundi na tairi jipya la nyuma, meno marefu ajabu, nikapita mbele yenu polepole ili mlione vizuri. Lokeris akauliza, "Ekiru, unaenda kubeba watu ama unaenda kulima?" Nikamwambia ni wivu unamsumbua. Nikalijaza upepo likawa gumu kabisa, kwa sababu njia ya Kakuma ni lami, nikafunga mfuko wa samaki wakavu nyuma, nikaondoka kwa madaha.

Sasa, tairi la meno kwenye lami linalia. Hilo fundi hakuniambia. Lililia kutoka Lodwar mpaka Kakuma, na pikipiki ikatetemeka njia nzima. Mbuzi walikuwa wanatoka barabarani kabla hawajaniona. Nilipofika hata salamu zilitoka zikitetemeka.

Samaki walikuwa wa Mama Bahati. Kwa wasiomjua: ni mama Mkongo anayekaa kambi ya wakimbizi ya Kakuma, na mwanawe Bahati nilisoma naye sekondari, dawati moja. Bahati alihamia Kanada. Siku hizi anatunza nyumba za mapumziko zilizo ndani msituni, za watu wanaokuja wakati wa joto tu. Baridi ikiingia, kazi yake ni kwenda kufukua theluji juu ya mapaa ili yasiporomoke. Barabara hakuna. Anakata porini, peke yake, juu ya theluji laini, kwa pikipiki ya theluji.

Pikipiki ya theluji haina magurudumu. Mbele ina mbao mbili za kuteleza, nyuma kuna mkanda mpana wa mpira unaozunguka, wenye meno ya kukwangua theluji. (Najua haya kwa sababu Bahati hunitumia picha, nami huwaeleza abiria kana kwamba ninayo moja nyumbani.)

"Ejok, mutoto wangu!" Mama Bahati akanipokea. Miaka yote aliyokaa Turkana hiyo ndiyo salamu anayoipenda. Akanipa chai, akaketi kuchambua samaki.

Chai ilikuwa haijaisha, Bahati akapiga simu ya video. Kwake ilikuwa asubuhi, kwetu alasiri. Alikuwa ndani ya duka la vipuri, amevaa nguo juu ya nguo mpaka shingo imepotea. Nyuma yake mzungu wa duka ameegemea kaunta, anasubiri.

"Buda, mkanda wangu umepasuka," akasema. "Lazima nifungiwe mwingine leo leo, juu kesho kuna dhoruba na sijafukua mapaa. Hapa iko miwili. Mmoja mfupi, meno marefu sana. Mwingine mrefu, meno ya kadiri. Wewe ni mtu wa mchanga. Nichukue gani?"

Mtu wa mchanga! Nilisikia kifua kikipanda chenyewe. Kisha akasogeza mdomo karibu na simu, akapunguza sauti.

"Niambie ukweli, Ekiru. Juzi juzi nilizama huko ndani. Theluji ilinifika kifuani. Nilichimba mpaka giza likaingia, na njiani hakuna mtandao. Nilidhani ndio basi. Mama hajui."

Nikamtazama mama. Alikuwa anang'oa mwiba kwenye samaki, hakuinua kichwa. Nikashukuru Mungu hajasikia.

Hapo ndipo mtu mwenye akili angesema, "Ndugu yangu, mimi theluji sijawahi kuigusa, muulize huyo mwenye duka." Mimi nikasema, "Chukua ule wa meno marefu."

"Lakini jamaa anasema mfupi wenye meno marefu unachimba."

"Huyo amezaliwa kwenye theluji, ndiyo maana haioni. Meno ndiyo kila kitu. Urefu wa mkanda ni wa nini? Kwani unataka kuanika nguo? Theluji ni mchanga uliolala kwenye friji, Bahati. Na mchanga unanijua."

Akasita. Nikaona mkono wake unauelekea ule mkanda mfupi. Lakini mimi siwezi kushinda kimyakimya. (Ni ugonjwa, na dawa yake nimeipata leo.) Nikamwambia, "Usikate simu. Nakupeleka laga, ujionee mwenyewe."

Mama Bahati akaosha mikono. "Unaenda kwa laga? Nipeleke, niko na mazoezi ya kwaya ng'ambo."

"Mama, nataka kumwonyesha tu vile tairi linafanya. Utarushwa rushwa."

"Nipandishe. Nataka nione hii meno yenye mutoto wangu atapanda."

Basi akavaa sare ya kwaya. Sare mpya, shati jeupe. Kesho wana mchungaji mgeni, kwa hivyo leo wote walikuwa wamevaa ili waone zinakaaje. Kumbukeni hilo neno, jeupe.

Simu nikaibana pale kwenye kishikio cha usukani, kamera imenielekea mimi. Bahati aliniona mimi, alimwona mama yake nyuma ya bega langu, na nyuma ya mama aliona laga yote ya Kakuma, mto mkavu wa mchanga mtupu, pana, hakuna tone la maji. Tulipofika ukingoni kwaya ilikuwa imeshaanza kuvuka kwa miguu, wakinamama na wanaume wachache, wanaimba taratibu. Nikawapita kwa honi. Wakanipungia. Nikawapungia kwa mkono mmoja. (Ndiyo. Kwa mkono mmoja.)

"Bahati, unaona?"

"Naona."

"Sasa tazama meno yakifanya kazi."

Nikaongeza mafuta. Tairi likauma mchanga, pikipiki ikaruka mbele, nikacheka. Nikaongeza tena. Likauma zaidi, lakini safari hii halikwenda mbele. Lilikwenda chini. Nikasikia makalio yakishuka polepole.

Mtu wa mchanga, hapo ndipo unaachia mafuta. Hilo analijua kila anayebeba abiria Turkana nzima. Lakini nilikuwa kwenye video. Nikakaza mafuta mpaka mwisho.

"Achia!" Bahati akapiga kelele. "Ekiru, achia, unachimba!"

"Linatafuta ardhi ngumu!" nikamjibu.

"Ekiru," mama akaniambia kwa upole sikioni, "uko unanizika muzima?"

Sikugeuka. Kamera ndiyo iliyogeuka kwa niaba yangu, kwa sababu kwenye simu niliona uso wa Bahati umebadilika, mdomo umeachama, haangalii mimi wala mama. Anaangalia nyuma. Na hapo nikagundua kuwa wimbo umekatika.

Ndugu zangu, yale meno ni majembe. Mchanga wote uliotoka kwenye lile shimo ulikwenda mahali, na mahali penyewe palikuwa kwaya. Sauti ya kwanza, ya pili, besi, wote wamepata. Walikuwa wamefungua midomo, kwa sababu walikuwa wanaimba. Mashati yalikuwa meupe na watu walikuwa na jasho, kwa hiyo mchanga haukudondoka. Ulikaa.

Nikazima injini. Mama Bahati hakushuka kwenye pikipiki. Alisimama tu, pikipiki ikabaki huko chini yake. Miguu yake ilikuwa imeshafika ardhini zamani.

Mwalimu wa kwaya, baba mmoja mrefu asiyecheka ovyo, akatema mchanga. Akatema tena. Kisha akauliza, "Ndugu, hii ni mashine ya aina gani?"

Simu ndiyo iliyomjibu. Kutoka usukani kikasikika kicheko, halafu kingine kinene zaidi. Nikainama kutazama. Mzungu wa duka alikuwa ameegemeza kichwa kwenye kaunta, anajifuta machozi, na alikuwa amemwita mwenzake aje aone. Nimesafirishwa hadi Kanada bila pasipoti, ndugu zangu, na nimefika nikiwa nimezama.

Kilichofuata sitaki kukieleza, lakini kwaya itakieleza, basi. Nilijaribu kuinua pikipiki mwenyewe, ikakataa. Wakinamama wakafungua vitenge, wakavifunga kwenye chuma cha nyuma, wakashika na wanaume wakashika. Mwalimu akatoa sauti, wakaanzisha wimbo wa mtu aliyetolewa shimoni. (Nyimbo wanazo nyingi. Hiyo waliichagua makusudi.) Wakavuta kwa mapigo. Kila ubeti pikipiki ilipanda kidogo. Mimi nilikuwa nasukuma kutoka mbele huku nikijifanya sijui maneno.

Ilipotoka, nikakaa kando ya shimo langu nikilitazama tairi. Na aibu ikanipungua kidogo, woga ukaingia mahali pake. Nilikumbuka tairi langu la zamani, lile kipara mlilokuwa mnalitukana. Laga hii hii niliivuka nalo kila wiki, abiria nyuma na gunia juu. Halikuwa na jino hata moja. Nililitoa upepo tu, likalala juu ya mchanga, likapita. Meno hayakuwahi kunivusha popote. Nilivushwa na kulala.

Nikainama, nikabonyeza valvu. Upepo ukatoka, tairi jipya likabonyea, likapanuka chini. Nikapanda peke yangu, nikatia mafuta kidogo. Nikavuka. Polepole, bila kurusha chochote, mpaka ng'ambo. Kwaya ikapiga makofi, ya kejeli mengine.

Nikachukua simu. Bahati alikuwa hacheki tena.

"Kwa hivyo si meno," akasema.

"Si meno. Chukua ule mrefu, ulalie theluji. Ule mfupi utakuchimbia kaburi, Bahati. Mimi niliongea upuuzi, nisamehe."

"Nilikuwa nishamwambia jamaa auteremshe ule mfupi," akasema. "Nilikuwa nishamwambia, buda."

Akakata simu, akaenda kufungiwa mkanda mrefu. Mimi nikabaki nikilitazama shimo langu kule nyuma. Huku kuna kwaya ya kunivuta. Kule aliko hakuna mtu hata mmoja. Kama ningekuwa na busara kidogo zaidi, kama ningemshauri kwa simu tu nikanywa chai yangu, saa hizi angekuwa anakwenda msituni na ule mkanda mfupi kwa sababu rafiki yake ana kiburi.

Adhabu yangu ilitolewa hapo hapo ng'ambo ya laga, bila kesi. Sare zinahitajika kesho. Mashati yote yakavuliwa baada ya mazoezi, yakafungwa kwenye kitenge, yakapandishwa kwenye pikipiki yangu. Nimeyarudisha kwa Mama Bahati, akanipa beseni na sabuni ya mche, akavuta kigoda akakaa kando yangu.

Mimi nilifua, yeye alitazama simu iliyo juu ya jiwe. Njiani Bahati hana mtandao, ila ile nyumba anayokwenda ina intaneti, kwa hiyo tulijua akifika atatuma neno. Jua likazama. Nikafua shati baada ya shati, na kila nikikamua nilitazama ile simu. Mama akaanza kuomba kwa midomo tu, bila sauti. Nawaambia ukweli, nilijisemea kwamba mkanda mrefu pia nimeuchagua mimi.

Simu ikalia.

Ni picha. Bahati amejipiga mwenyewe mbele ya nyumba ya mbao, theluji imefika dirishani, ameshika koleo, meno yote nje. Kando yake alama ya mkanda imepita juu ya theluji, pana, imenyooka, haina shimo hata moja. Chini ameandika, "Nimefika. Sijazama popote. Msalimie mama."

Nilipumua mpaka mapovu yakaruka. Mama akaichukua simu, akaitazama muda mrefu, akaibusu kioo. Kisha akanigeukia.

"Umwambie siku nyingine akizama aniambie mimi. Si kunongona na weye. Mulizani mimi ni kiziwi?"

Kumbe ndiyo maana alipanda pikipiki. Alisikia kila kitu, akaamua kwenda kuyapima yale meno mwenyewe. Nikataka kusema kitu, akaninyooshea kidole kwenye beseni.

"Ile kola bado."

Basi ndugu zangu wa steji, nimeaibika, na sijawahi kufurahi hivi kuaibika. Bahati yuko hai, samaki wako jikoni, tairi linauzwa (Lokeris, wewe ndiwe unayetaka kulima). Nawaomba msicheke. Na yule ambaye hawezi kujizuia, bado kuna besi yote haijasuuzwa. Aje acheke akiwa ameshika shati.