Matundu ya Hewa Darini Mwangu

Jumatatu, 12 Machi 1956
Nimeshtuka! Mzee Runji, baba yake Wawira, amekataa kumaliza chai kwangu. Amesema hawezi kumwoza binti yake ndani ya tanuri. Tanuri! Nyumba ya mabati na dari la mbao, ya kwanza kijijini! Nimemwomba arudi Jumapili. Amekubali, akasifu ubaridi wa nyumba ya nyasi ya Kivuti. Kivuti naye anamtaka Wawira. Mjinga yule.

Jumatano, 14 Machi
Nimegundua. Joto linakwama kati ya dari na mabati. Dawa ni matundu ya hewa. Nimepanda ngazi, nikatoboa manne kwa patasi, kwenye mbao za ukuta juu ya dari. Ya mviringo, safi kabisa. Mbao zikaanza kupasuka, nikazipaka nta. Wawira alipita na mtungi, akauliza mbona napaka nta kama mtu anayetega mzinga. Nimecheka. Ufundi huu hawezi kuuelewa.

Ijumaa, 16 Machi
Ushindi! Ndani kuna ubaridi, na juu kuna mvumo mtamu. Nimemwambia Kivuti huo ni upepo unaopita. Amekodoa macho tu. Wivu.

Jumapili, 18 Machi
Siamini. Hata sasa siamini! Runji alivua koti, akaomba kikombe cha pili. Nilikuwa nafungua mdomo nimtaje Wawira. Ndipo Njuki, mkubwa wa homgadi, wale walinzi wa serikali wanaowasaka waasi, akaingia bila hodi. Amesikia mvumo, akasema kuna watu darini wanakula kiapo cha uasi. Nikaapa ni upepo. Akawaamuru watoke mikono juu. Hawakutoka. Akalichoma dari kwa mkuki.
Nyuki!
Njuki alitupa mkuki na kofia. Runji, mzee wa watu, alitimua mbio hadi kwa Kivuti, wakajifungia. Naandika kwa jicho moja. Kesho natakiwa kambini, nieleze ni nani aliyepanga shambulio.

Jumanne, 20 Machi
Njuki ameniachilia, baada ya kunichimbisha handaki kutwa nzima. Nimerudi nikakuta Runji amempa Kivuti Wawira. Mbuzi wameshapokelewa! Nimeketi mlangoni nimeduwaa, roho inauma.
Nimelitafakari kosa langu. Ni moja tu: matundu yalikuwa madogo, ndiyo maana nyuki waliyapenda. Leo nimeng'oa bati zima la juu. Hewa tele! Munyi, jirani yangu, amenipigia kelele kwamba kule Karurumo, kijiji cha pili, mvua imeshaanza. Nimemwambia aache kunitisha.
Runji ana binti mwingine, Igoki. Nimewaalika chai kesho, wote wawili.