Lori la Marselino na Ng'ombe Sita

Mwaka elfu moja mia tisa hamsini na tatu, Geita nzima hapakuwa na mtu aliyeyajua magari kumshinda Marselino. Hayo aliyasema Marselino mwenyewe, na kwa kuwa alikuwa na sauti kubwa kuliko wenzake wote, watu waliona heri wamwachie.

Lori lake lilikuwa limepigana vita vya wazungu, likabeba mawe mgodini, likabeba matofali ya kanisa, kisha likalala miaka miwili nyuma ya banda la kuku. Marselino alilinunua likiwa na kinyesi cha kuku hadi kwenye usukani. Akalipaka rangi ya kijani mara mbili, akaandika kwa mkono wake juu ya kioo: MFALME WA BARABARA.

"Gari jipya hili," alimwambia fundi Theonest. "Tazama saa ya maili. Limetembea maili mia nne na kumi na mbili tu."

Theonest alikuwa mtu mpole, anayeongea kama anayeogopa kuamsha mtoto. Aliinama, akachungulia, akafuta vumbi kwa kidole. "Kaka, saa hii ikifika mwisho inarudi kwenye sifuri. Hii imekwisha kurudi, na si mara moja."

"Hata mwaka unazunguka," akajibu Marselino, "na kila Januari tunauita mwaka mpya."

Theonest akaingia uvunguni, akakaa huko muda mrefu kama mtu anayesali. Alipotoka alikuwa na uso wa msibani. Breki zimelika, zimebaki nyembamba kama ganda la kitunguu. Ukanda wa feni umepasuka pasuka. Tairi la nyuma kushoto lina viraka vingi kuliko mpira. Akashauri wangoje wiki moja, vipuri vije na basi kutoka Mwanza.

"Vinafanya kazi, au havifanyi?" akauliza Marselino.

"Vinafanya. Leo."

"Basi. Kipuri hubadilishwa kikifa, Theonest, si kikiugua. Wewe umeona wapi mgonjwa akazikwa?"

Theonest alikuna kichwa. Swali lilikuwa la kijinga, lakini lilikuwa limesemwa vizuri.

Jambo lililomharakisha Marselino lilikuwa hili. Wakulima wa Buseresere walikuwa wanatafuta lori la kubeba pamba yao msimu mzima. Mwenyekiti wao, mzee Bujiku, alisema atasafiri mwenyewe na mzigo wa kwanza siku ya Alhamisi hadi Geita, aone kwa macho yake. Atakayemridhisha ndiye mwenye kazi. Marselino alikwisha kuwatangazia wauza samaki, mapadri na wachimbaji wote wa Rwamgasa kwamba kazi ni yake. Kungoja wiki moja kungekuwa aibu.

Alhamisi asubuhi, lori likiwa Buseresere limekwisha kupakia pamba, mzee Bujiku alifika amevaa koti, tai, na suruali ya kaki pana iliyofungwa kwa mkanda mzuri wa ngozi. Akapanda mbele kando ya Marselino. Theonest alikataa kukaa mbele. Alipanda juu ya magunia ya pamba, amekumbatia gogo la kuzuia gurudumu, naye hakuliachia hata lori lilipokuwa limesimama.

Maili sita za mwanzo zilikwenda vizuri. Marselino alieleza siri za injini, mzee akawa anaitikia. Kisha pakasikika mlio kama wa kofi, na mvuke ukafunika kioo.

"Ukanda wa feni," akasema Theonest kutoka juu. Hakuwa mtu wa kusema nilikuambia, ingawa uso wake ulisema.

Marselino alitazama kushoto, akatazama kulia. Pori tupu. Macho yake yakatua polepole kwenye kiuno cha mwenyekiti.

"Mzee wangu," akasema kwa heshima zote, "nakuomba mkanda."

Mkanda ulikaa kama uliozaliwa humo. Safari ikaendelea, mzee Bujiku akiwa ameishika suruali yake kwa mkono wa kulia, na heshima yake kwa mkono wa kushoto.

Baada ya maili nne, tairi la nyuma kushoto likakata roho. Theonest akalivua, akaonyesha tundu ambalo paka angepita bila kuinama. Marselino hakutetereka. Akafungua gunia la pamba, akaanza kuishindilia ndani ya tairi kwa viganja viwili.

"Hiyo ni pamba ya wakulima," akasema mzee.

"Haipotei, mzee. Itafika Geita nasi, ila itafika kwa kuzunguka."

"Ni daraja la kwanza."

"Ndiyo maana naiamini."

Mzee Bujiku akalitazama gunia, kisha akalitazama tairi. Marselino akaona ni macho ya mtu aliyevutiwa, moyo wake ukajaa.

Ndipo, walipoikaribia Geita, wakafika kwenye mteremko mrefu. Marselino alikanyaga breki kistaarabu. Akakanyaga tena bila ustaarabu. Mara ya tatu mguu ulikwenda hadi chini na ukabaki huko. Upepo ukaanza kuimba dirishani. Kwa mara ya kwanza tangu anunue lori lile, Marselino aliliogopa. Alimfikiria mzee aliyekaa kando yake, mwenye wajukuu kumi na mmoja, ambaye alikuwa amemtolea mkanda wake bila kunung'unika.

"Mzee," akasema taratibu, "jishike."

"Kwa mkono upi?"

"Yote miwili."

Ulikuwa uamuzi mgumu, lakini mzee Bujiku alikuwa kiongozi. Akaiachia suruali.

Juu, Theonest alilirusha gogo mbele ya gurudumu. Lori likaliruka kama mbuzi arukavyo mfereji. Mbele ya kona palikuwa na lambo la kunyweshea ng'ombe. Marselino akakata usukani, wakapita katikati ya vichaka viwili, wakaingia majini kwa kishindo kilichowanyanyua bata wote. Tope likawapokea hadi kwenye ekseli.

Wote watatu walikuwa wazima. Theonest alikuwa bado juu ya magunia, mikono imekumbatia gogo ambalo halikuwapo tena.

Ukingoni mwa lambo alisimama mama mmoja wa makamo, fimbo mkononi. Jina lake Nyamizi, na ng'ombe wake sita wa kulimia walikuwa wanakunywa maji. Mzee Bujiku akachungulia dirishani. Hakutoka, kwa sababu ambazo hazikuweza kutajwa.

"Mwadila, mayu," akamwamkia mama huyo kwa Kisukuma.

"Mwadila, baba. Mmelileta nalo linywe?"

Nyamizi aliwafunga ng'ombe nira, akapitisha mnyororo, akawasemesha majina yao mmoja mmoja. Lori likatoka topeni likitoa sauti ya aibu. Injini ilikataa kuwaka. Basi ng'ombe wakaendelea kulivuta, huku Marselino akiwa kwenye usukani, na mzee Bujiku, aliyekwisha kurudishiwa mkanda wake, akitembea kando ya mama.

"Huyu mweusi wa mbele ana nguvu," akasema mzee.

"Anazo. Msimu ujao nampumzisha."

"Mbona bado mzima?"

"Ndiyo, baba. Mwenzake mdogo anajifunza sasa, mkubwa akiwa bado anaweza kumfundisha. Nikingoja aanguke, ataanguka siku ya kulima. Na kamba hizi za nira nabadilisha kila mwaka kabla ya mvua, hata zikiwa nzuri."

Marselino alisikia yote. Akageuza uso upande wa pili, akatazama miti.

Waliingia Geita saa kumi, barabara imejaa watu. Wauza samaki walisimama. Mapadri walisimama. Wachimbaji wa Rwamgasa walivua kofia, kama wafanyavyo maiti ikipita.

Siku ya tatu mzee Bujiku alimwita Marselino. "Mwanangu, lori lako tumelipenda. Lina nafasi, halivuji, rangi yake nzuri. Lina kasoro moja tu, injini. Kwa hiyo kazi tumempa mama Nyamizi. Atalivuta. Naye anahitaji mtu wa usukani."

Marselino alitaka kukataa. Akamkumbuka mzee alivyojishika kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akakubali. Mama Nyamizi alitoa sharti moja: kwanza Theonest afunge breki mpya, tena zote.

Marselino akafanya kazi hiyo msimu mzima. Baada ya wiki moja alikuwa anawaambia watu kwamba lake ni lori pekee Geita lisilokunywa petroli. Wiki ya tatu, kwenye mlima, aliona ng'ombe wanazubaa, akapiga honi mara nne.

Nyamizi akawasimamisha ng'ombe. Akarudi nyuma bila haraka, akafungua boneti, akaing'oa honi pamoja na nyaya zake, akaitia kwenye kikapu.

"Mama, hiyo bado haijachoka," akalalamika Marselino. "Inalia vizuri kabisa."

"Haijachoka," akakubali Nyamizi akirudi kwa ng'ombe wake. "Nimechoka mimi."