Alumini ya Kiume

Neno lililomfanya Alionzi aache kutafuna andazi lilikuwa "alumini".

Alikuwa amekaa kwa mama mmoja wa chai, pembeni mwa stendi ya pikapu za Koboko, mtaa wa Awindiri mjini Arua. Alionzi alikuwa mtu wa maneno. Wengine hulima, wengine hushona viatu. Yeye aliongea, na kwa kuongea alikuwa amefika miaka arobaini bila kushika jembe. Mwezi uliopita alikuwa amewauzia watu watatu kiti kimoja cha mbele kwenye mechi ya timu ya Onduparaka, tena upande ambao watu husimama.

Kelele zilitoka kwa wenye pikapu. Lokule, mtu mwembamba mwenye pikapu ya kijani, alikuwa ameinua simu juu kama mhubiri, akiwaonyesha wenzake picha ya gari la ng'ambo.

"Bodi yote ni alumini! Chuma hakuna. Gari iko nyepesi kama karatasi, dizeli inakunywa kidogo tu, kama kifaranga."

"Alumini ni sufuria," akasema Obeti, mwenyekiti wa stendi, mzee mwenye tumbo na sauti vinavyolingana. "Wewe unataka kubeba muhogo ya watu ndani ya sufuria? Ukifika Koboko imeiva."

Watu wakacheka. Igga, wa tatu wao, hakucheka. Pikapu yake alikuwa ameichomelea vyuma juu ya vyuma mpaka ikawa inapanda kilima kwa kuugua, na kila wiki kituo cha mafuta kilikula nusu ya jasho lake. "Sufuria au si sufuria," akasema, "kama inapunguza dizeli mimi nataka."

Pikapu ya nne ilikuwa ya Margarita, mwanamke wa Koboko, binti wa sajenti mstaafu, ambaye stendi nzima ilimwita Mama Pitia. Yeye hakubishana. Alikuwa amelalia usukani akisubiri zamu, na zamu yake ilikuwa ya mwisho. Ilikuwa ya mwisho kila siku, kwa sababu Obeti alikuwa ameamua hivyo miaka miwili iliyopita na hakuna aliyewahi kumuuliza kwa nini. Zamu hiyo ilipofika, mizigo ya maana ilikuwa imekwisha kuondoka, naye alirudi Koboko na magunia mawili na mbuzi mmoja mwenye huzuni.

Alionzi akafuta mdomo, akakaza tai, akasogea.

"Samahani, wazee wangu. Nani kati yenu amesema sufuria?"

"Mimi," akasema Obeti. "Wewe nani?"

"Injinia Alionzi. Mzee, hujakosea, ila umesema nusu. Kuna alumini ya kike na kuna alumini ya kiume. Ya kike ndiyo hiyo sufuria. Ya kiume ndiyo wanaundia ndege. Mzee wangu, umeshaona ndege imepondeka kwa sababu ya muhogo?"

Obeti akafikiri kwa uaminifu kabisa. Hakuwa ameona.

"Kampuni yangu," Alionzi akaendelea, akishusha sauti ili wasogee, nao wakasogea, "inatafuta stendi moja tu katika West Nile nzima iwe mfano. Mnatupa bodi zenu za nyuma, zile za chuma. Sisi tunawafungia za alumini ya kiume. Chuma chenu tunakwenda kukiyeyusha. Imekwisha."

"Na pesa?" akauliza Lokule.

"Pesa ya nini? Hii ni mfano, bwana. Hatuchukui hata shilingi."

Kama angetaja bei, wangemuuliza maswali mpaka jua lizame. Aliposema bure, ni Obeti peke yake aliyeuliza swali, nalo lilikuwa: "Yangu itafungwa ya kwanza?"

Hata hivyo walikuwa wanaume wazima, na walidai kuona kwa macho. Alionzi akawaambia wamngoje Jumanne saa tatu asubuhi.

Jumanne alifika na pikapu inayong'aa mpaka watu wakaweka mikono machoni. Ilikuwa ya shemeji yake, aliyeambiwa kwamba gari linapelekwa kuoshwa. Bodi yake ilikuwa chuma kitupu, chini ya makopo mawili ya rangi ya fedha. Obeti akaigonga kwa pete yake. Ngo!

"Inalia kama chuma," akasema.

"Ni dume hilo, mzee. Ulitaka ilie kama sahani?"

Obeti akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeelewa. Mbele ya wote, Alionzi akakamua tangi mpaka tone la mwisho, akatia lita tano za dizeli. "Arua mpaka Koboko, Koboko mpaka Arua," akatangaza. "Lita tano. Nipeni shahidi mmoja akae na mimi ndani."

Lokule alikuwa anapakia. Igga alikuwa anapakia. Obeti alikuwa anawasimamia. Mtu pekee ambaye hakuwa na la kufanya ni yule wa zamu ya mwisho.

"Mama Pitia, wewe panda," akaamuru Obeti.

Margarita akapanda. Barabara ilikuwa nzuri, Injinia aliongea bila kupumua, na kila walipovuka tuta la barabarani kitu fulani chini ya kiti cha Margarita kilisema chubwi. Baada ya tuta la tatu akapeleka mkono chini, taratibu, kana kwamba anajikuna kifundo cha mguu. Akagusa jerikeni. Akagusa na mpira uliotoka kwenye jerikeni ukapotea kuelekea injini.

Akaurudisha mkono pajani na kutazama nje. Angeweza kupiga kelele hapo hapo. Wale wazee wangemshukuru, wangempiga Alionzi makofi mawili matatu, na kesho yake yeye angerudi kulalia usukani na kusubiri mbuzi. Alilifikiria jambo hilo mpaka Koboko. Alilifikiria tena wakati wa kurudi, na walipoingia Awindiri alikuwa amemaliza kufikiri.

Tangi lilifunguliwa mbele ya umati. Dizeli ilikuwa bado imo, zaidi ya lita moja.

"Shahidi aseme!" akapaza sauti Alionzi.

"Mimi nilikaa ndani yake," akasema Margarita. "Tumekwenda Koboko, tumerudi. Dizeli imebaki, hata mimi nimeona."

Hapakuwa na neno la uongo hata moja katika ushahidi huo, na wanaume walishangilia.

"Na wewe, mama, utaleta bodi yako?" akauliza Alionzi.

"Yangu ngoja kwanza. Mimi ni wa mwisho. Waulize."

Jumatano fundi akafungua bolti. Bodi tatu zikaingizwa katika uwanja wenye uzio ambao Alionzi alikuwa ameukodi kwa wiki moja, na Obeti alilia kidogo akiiaga yake, kwa sababu alikuwa ameinunua na gari mwaka aliooa. Alumini ya kiume ingewasili kutoka Kampala Jumamosi. Mpaka wakati huo pikapu tatu zilisimama stendi zikiwa na kichwa na magurudumu tu, kama jogoo walionyonyolewa mkia, na wenyewe wakakaa kivulini wakipiga hesabu za dizeli ambayo hawataitumia.

Muhogo lakini haungojei Jumamosi. Wafanyabiashara walikuja na magunia, wakazitazama zile pikapu tatu, wakacheka, wakahamia kwa Margarita. Alhamisi alikwenda Koboko mara tatu. Alibeba magunia, matofali, harusi nzima pamoja na keki. Kila alipopita alipiga honi kwa adabu. Obeti alimwinulia mkono, na mara ya tatu mkono ule ulikuwa mzito kidogo.

Ijumaa asubuhi Alionzi aligundua tatizo ambalo mtu yeyote mwenye akili angeligundua Jumatatu. Ng'ambo ya mpaka wa Kongo, mjini Ariwara, kulikuwa na mnunuzi aliyemngoja, maana bodi ya pikapu iliyo nzima ni mali. Shemeji yake alikuwa ameichukua pikapu yake kwa matusi baada ya kuona ile rangi. Na katika stendi nzima, kwa juhudi zake mwenyewe, Alionzi alikuwa amebakiza gari moja tu linaloweza kubeba mzigo.

"Mama Pitia," akamwambia Margarita akiwa ameegemea mlango wa gari, "nina vyuma vya kupeleka kiwandani."

"Kiwanda kiko wapi?"

"Upande wa... huko mbele."

"Upande wa Kongo?"

Alionzi akatabasamu. Margarita naye akatabasamu, na kwa mara ya kwanza wiki ile Injinia akawa wa kwanza kuacha kutabasamu.

"Jerikeni yako inapiga kelele sana," akasema Margarita. "Siku nyingine uijaze mpaka juu, haitalia. Sasa sikiliza. Barabara kubwa watu watakuuliza karatasi. Mimi najua njia ya Lobule, huko ni baiskeli tu. Tutagawana nusu."

"Nusu! Mama, wewe ni mwizi."

"Basi zibebe kichwani."

Wakagawana nusu. Vijana wanne walipandisha zile bodi, moja juu ya nyingine, zikafungwa kwa kamba mpaka pikapu ikawa ndefu kama ghorofa. Saa tano walikuwa wameiacha lami na kuingia njia nyekundu ya Lobule, kati ya mashamba ya muhogo, na Alionzi alikuwa tayari amefikiria namna tatu za kumdhulumu Margarita ile nusu yake.

Kwenye kilima cha kwanza, palipokuwa na tope la mvua ya jana, gari likakohoa likasimama.

"Nini?" akauliza Alionzi.

"Uzito, Injinia. Si ndiyo wewe ulisema chuma inatesa gari? Shuka, sukuma."

Alionzi akatazama tope, akatazama viatu vyake vya ngozi. Akavivua, akaviweka ndani ya gari pamoja na koti lake, na simu ikiwa ndani ya koti. Akakunja suruali, akaenda nyuma, akaweka mabega.

"Sukuma!" akapaza sauti Margarita.

"Nasukuma!"

"Sukuma kama alumini ya kiume!"

Gari likanguruma, likamrushia tope usoni, likapanda kilima vizuri kabisa kama gari lisilo na ugonjwa wowote. Alionzi alifurahi kwa sekunde kama tano. Kisha akaona kwamba halisimami. Kisha akaona mkono ukitoka dirishani, ukimpungia.

Mtu wa kwanza kupita hapo alikuwa mkulima akiendesha baiskeli. Alionzi alimweleza jinsi alivyoibiwa na mwanamke mwongo, asiye na huruma, anayewahadaa watu wema. Yule mkulima alisikitika sana, akambadilishia tai yake kwa malapa yaliyochakaa.

Stendi ya Awindiri, saa tisa, ilikuwa msiba. Igga alikuwa amekwenda kuchungulia uwanja wa Alionzi akaukuta mtupu. Lokule alikuwa amekaa chini kabisa, amejifunika uso kwa kofia. Obeti alitaka kwenda polisi, kisha akafikiria jinsi atakavyoeleza habari ya alumini ya kiume mbele ya askari, akakaa tena.

Ndipo ghorofa la Margarita lilipokata kona.

Walikimbia. Obeti, na tumbo lake, alifika wa kwanza, akaishika bodi yake kama mtoto aliyepatikana sokoni. "Mama Pitia! Mungu akubariki! Haya, fungueni kamba!"

"Ngojeni," akasema Margarita. Alikuwa bado kwenye usukani, na injini ilikuwa inanguruma. "Kuanzia kesho mimi napakia wa kwanza. Mwaka mzima."

"Mwaka?" Obeti akakohoa. "Mama, stendi iko na utaratibu..."

"Kamba ziko ngumu sana, mzee. Naona nizipeleke Koboko zikalegee."

Lokule akainua uso, wazo likamjia polepole. "Lakini wewe ulikuwa shahidi! Ulikaa ndani ya ile gari! Ulituambia dizeli imebaki!"

"Na ilibaki. Hamkuniuliza gari ilikunywa ya wapi."

Igga ndiye aliyeanza kucheka, kicheko cha mtu ambaye hana nguvu ya kulia, kikamwambukiza Lokule, na mwishowe Obeti mwenyewe akafungua mikono na kusema, "Basi, wa kwanza. Zima gari, mama. Zima kwanza."

Jumamosi mchana, mjini Koboko, Margarita alikuwa anaosha magurudumu alipoona malapa mawili yenye tope yamesimama mbele yake.

"Nimefuata viatu vyangu," akasema Alionzi. Sauti ilikuwa imemkauka. "Na koti. Na simu."

"Viko ndani. Obeti amekuulizia sana. Chagua: nikupeleke kwake, au unijazie gari la kwenda Arua. Ukinijazia, mimi sikupeleki kwa Obeti, nakuapia."

Alionzi hakuhitaji kufikiri. Akavaa viatu, akavaa koti, akapanda juu ya bampa, na kile alichojaliwa kikamrudia chote kwa mara moja.

"Arua! Arua! Mmoja amebaki! Mmoja tu!"

Mama mmoja mwenye kuku akachungulia ndani ya pikapu. "Mbona hakuna mutu?"

"Wote wamekwenda kunywa chai, mama. Ni wewe walikuwa wanakungoja. Panda, kuku asipate jua."

Akapanda. Waliofuata walimkuta yeye, wakaamini. Zikaja familia, yakaja magunia ya ufuta, akaja fundi cherehani na cherehani yake. Alionzi alikuwa anatoka jasho na kung'aa. Hakuwa amewahi kuongea vizuri namna ile maisha yake yote. Pikapu ilipoanza kuondoka alikuwa bado anaita, akakimbia nayo hatua tatu, akadaka ukingo na kurukia nyuma kama wafanyavyo wapiga debe wote, na abiria wakampigia makofi.

Walikuwa wameshavuka daraja la kwanza alipokumbuka gari linakwenda wapi.

Akagonga paa kwa ngumi mbili. "Mama! Mama Pitia! Uliapa hutanipeleka!"

Margarita akatoa kichwa dirishani, kitambaa chake kikipepea.

"Sikupeleki, Injinia! Umepanda mwenyewe!"