Kofia Tatu za Kuzuia Akili

Jumatatu, 3 Juni

Kliniki na Kidoti wangu. Muuguzi kapima uzito, urefu, na kichwa kwa utepe. Vyote vizuri. Nikangoja apime akili. Akaita mtoto mwingine! Kwa nini asipime? Au kaona haimo, kanionea huruma?

Wifi, dada wa mume wangu, kasema mtoto wake umri huu alishaita mama. Wangu, eti, mzuri sana, ila anatazama ukuta kama anangoja basi. Nimecheka. Moyoni nakufa.

Jumanne, 4 Juni

Nimegundua! Utosini pa Kidoti ni laini, tena panadunda. Mungu wangu, tundu! Akili inavujia hapo!

Nimekaa kwenye cherehani, nimeshona kofia tatu za sufu zenye kamba. Nimemvika zote. Baba yake kauliza kama tunahamia kwenye barafu. Nikamwambia ni fasheni. Mwanamume anajua nini?

Jumatano, 5 Juni

Balaa. Kidoti analia tangu asubuhi. Vipele kichwani, mwili moto! Wifi kachungulia, kasema, “Wifi, mtoto unamlea au unamchemsha?” Nimekimbia kliniki, kandambili moja imebaki njiani.

Muuguzi kavua kofia ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Kauliza kama chini kuna mtoto. Nikaangua kilio, nikasema yote. Kasema mtoto ni joto tu, atapoa. Na utosi ni mifupa haijaungana, itafunga yenyewe.

Nikauliza, na akili je, iko upande gani? Akaniuliza kazi yangu. Fundi cherehani, sista. Akasema nikiifungua cherehani nitaona sindano, gurudumu, mkanda. Je, nimewahi kuukuta ushonaji umelala humo ndani?

Nikasema bado, ila chini ya bobini sijaangalia.

Kashusha pumzi ndefu. Kasema akili si kitu cha nne cha kupimwa baada ya kichwa. Ni vile mtoto anavyonitafuta kwa macho, anavyocheka akinisikia. Akaniambia nimwite. Nikaita. Kidoti kageuka. Kacheka, ufizi wote nje! Nusura nimbusu muuguzi.

Alhamisi, 6 Juni

Vipele vimenywea. Nimemtambia wifi: akili ni kicheko, muuguzi kasema. Wake aendelee kuita mama na uso wa karani. Kanuna!

Mchana Kidoti kalala. Nikamtazama. Uso umetulia. Kicheko hakuna! Nimechungulia mdomoni. Nimeinua mto. Hakuna! Mbio nimefunga dirisha, nimeziba tundu la ufunguo kwa kitambaa, kisije kikatoroka. Wifi anagonga, anataka pasi yake. Hafunguliwi mtu ng’o mpaka mwanangu aamke, acheke, nihakikishe kimerudi.

Zile kofia sikuzitupa. Zote tatu nimeivika cherehani. Nikikosa ushonaji, tutakula nini?