Ute wa Yai na Dawa ya Meno Juu ya Mguu Mmoja

Jumatatu, 3 Agosti 1987
Omari wa duka la ng'ambo ya barabara ameleta dawa ya meno kutoka Mombasa! Miaka yote hii hapa Same tumesugua meno kwa mkaa. Lakini wengi hawanunui kwa ajili ya meno. Wanapaka wakiungua. Omari sasa anaitikia salamu kwa kidevu. Siwezi kuvumilia. Nitatengeneza dawa yangu ya kuungua: ute wa yai, majivu, samli, na chumvi ya kuipa nguvu. Mke wangu Dorkas ameuliza yai liko wapi. Nimemwambia liko kwenye utafiti.

Jumanne, 4 Agosti
Dawa tayari, mgonjwa hakuna. Mji mzima hauungui! Nimekaa asubuhi yote karibu na karai la Bibi Zaituni, muuza maandazi. Mafuta yanachemka juu ya jiko lililo chini, mjukuu wake Shamimu, aliyeanza kutembea juzijuzi, anazunguka hapo hapo. Bibi akauliza nasubiri nini. Nikasema shikamoo, naangalia usalama wako. Si uongo sana. Mara akapita Saada, nesi wa zahanati. Akamwambia Bibi ainue jiko juu ya matofali na mtoto akae mbali na moto. Bibi akainua palepale! Nesi gani huyu, anaharibia watu biashara?

Alhamisi, 6 Agosti
Mpango mpya: maonyesho uani kwangu. Nijiunguze kidole, kidogo tu, nipake dawa, watu washangae. Wamekuja! Hata Omari, mikono nyuma kama mkaguzi. Birika la chai ya moto nimeliweka chini, katikati, kila mtu alione.

Shamimu akaliona kwanza. Alichomoka kwa bibi yake, mkono umenyooka kwenye mpini. Sikuwaza. Nilimsukuma mtoto, birika likapinduka, chai yote mguuni kwangu. Nikapiga kelele kwa Kipare, kwa Kiswahili, na kwa lugha nyingine nisiyoijua. Dorkas akaja na maji ya pipa, anamwaga tu. Nikamlilia kwamba maji yale amesota foleni ya bomba kuyapata.

"Maji nitachota tena," akasema. "Mguu nitauchota wapi?"

Alipoinamia pipa, nikapaka dawa yangu upesi. Chumvi! Mama yangu! Omari akaminya dawa yake ya meno juu ya yangu. Tukabishana ipi inafanya kazi, mimi nikilia.

Ijumaa, 7 Agosti
Zahanati. Nesi Saada ameuliza nani amenikandika kama ukuta. Omari, aliyenisindikiza, akatazama dari. Kuondoa ule udongo ni mateso. Nimetaja watakatifu wa madhehebu yote. Nesi anasema mtu akiungua ni maji safi ya baridi, yatiririke kwa dakika ishirini, avuliwe viatu na pete kabla hajavimba, afunikwe kitambaa safi, aje zahanati. Yai hapana. Samli hapana. Dawa ya meno hapana! Malengelenge yasitumbuliwe. Kama ningemwacha Dorkas amwage maji, anasema, nisingelia hivi.

Shamimu hana hata mchubuko. Bibi Zaituni ameleta maandazi, akanishika mkono. Nami nikamgawia Omari mawili. Nadhani ni homa.

Jumapili, 9 Agosti
Mguu unapoa. Dorkas ameimwaga dawa yangu. Hata kuku wameikwepa. Nimeapa mbele yake: sichezei moto tena.

Jioni Omari amekuja kwa unyenyekevu. Ameletewa majiko ya mafuta ya taa, moja haliwaki, na fundi hakuna. Nimemwambia fundi yupo, amekaa mbele yake. Amefurahi mno! Lazima kwanza nijue kama tangi lina mafuta. Nimechungulia tunduni: giza tupu, sioni kitu.

Si neno. Kesho nitamulika kwa kiberiti.